Mwanangu Vuta, Aliyevusha Kijiji Kizima

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Vuta anastaafu baada ya kuvuta pantoni yetu kwa miaka thelathini na minne. Msimamizi wa vivuko alikuja nyumbani kuniuliza habari za utoto wake ili aandike wasifu huu wa kusomwa sherehe itakapoanza. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, yaani uniulize mimi, uende ukaandike wewe, halafu uje unisomee mimi? Lete karatasi." Mimi ndiye mama yake. Nilisoma hadi darasa la nne, lakini lilikuwa darasa la nne la wakati ule, mtu akitoka hapo barua anaandika na inaeleweka. Mtakapokuta sifa humu ndani msiseme mama anapendelea. Napendelea, ndiyo, na kila neno ni la kweli vilevile.

Vuta ni kifungua mimba wangu. Alizaliwa mkubwa mpaka mkunga akasema huyu kaja na mzigo wake mgongoni. Jina alilopewa na baba yake liko kwenye faili la ofisi, huko ndiko linakotumika. Sisi wengine tunamwita Vuta, kwa sababu watoto wa shule wakipanda pantoni walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, "Vuta! Vuta! Vuta!" na yeye anavuta huku amekaza uso kama hasikii. Alikuwa anasikia. Jioni alikuwa ananisimulia ni mtoto gani alipiga kelele kuliko wenzake.

Kwa wageni ambao hawakuwahi kuvuka, lazima nieleze kijiji chenyewe, maana huwezi kumjua Vuta kama hukijui. Mto unashuka kutoka milimani umenyooka vizuri, unafika kwenye mwamba mweusi, unagoma, unakata kona. Unakizunguka kijiji pande tatu, kama mkono uliomkumbatia mtoto. Upande wa nne ni kinamasi. Kiangazi kinapitika kwa shida, na masika hata bata anafikiria mara mbili. Kwa hiyo mlango wetu ulikuwa mmoja: gati letu, pantoni, gati la ng'ambo, na nyuma ya gati hilo la ng'ambo ndipo mji ulipo.

Udongo wetu ni mwekundu na mzito, unakamata kiatu mpaka unakiacha hapohapo unaendelea na mguu mtupu. Mahindi yalikubali kuota kwa shingo upande. Lakini matofali! Waliokianzisha kijiji walikuwa shemeji wawili, wafyatua matofali, waliokuwa wanatafuta udongo mzuri kandokando ya mto. Mmoja alikanyaga ukingoni, wakaenda zao. Waliporudi wakaukuta ule unyayo umekauka pale pale, vidole vyote vitano vinaonekana, hata ufa wa kisigino. Wakasema hapahapa, wakashusha mizigo. Mmoja wao ndiye babu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ninaposema kijiji ni chetu, sikopi.

Mji wa ng'ambo wakati huo ulikuwa mahema ya wapimaji na duka moja la chumvi na mafuta ya taa. Halafu wakataka mahakama. Wakataka hospitali, shule, ofisi, nyumba za wakubwa. Nani aliwafyatulia? Pantoni haikuletwa kwa ajili ya watu, iliundwa kuvusha matofali. Watu tulikuwa tunakaa juu ya mzigo. Na kila tofali la kwetu, kabla halijakauka, mfyatuaji alilibonyeza kidole gumba ubavuni ili kazi yake ijulikane. Kidole kimoja, tofali moja. Mwaka juzi nililazwa hospitali kwa ajili ya mguu, nikaona plasta imebanduka karibu na kitanda changu na alama ya kidole ipo. Nikamwambia muuguzi, "Dada, ukuta huu ni wa kwetu." Akaenda kuleta kipimajoto.

Tulikuwa wengi, msituone hivi. Nyumba zilipita mia, mistari mitatu kutoka gatini hadi kwenye tanuru. Shule ilikuwa na watoto wa kukaa watatu watatu kwenye dawati. Tulikuwa na seremala, mkunga, timu ya mpira iliyofungwa na kila mtu, na mafundi cherehani wawili waliokaa mkabala na hawasalimiani. Ukipeleka suruali kwa mmoja, mwingine anakununia mpaka umpelekee hata shati la kushona kifungo.

Vuta alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, baada ya mvutaji wa zamani kuumia bega. Kazi yenyewe ni hivi. Kuna kamba nene ya chuma imefungwa kwenye nguzo za gati hili na gati lile. Mvutaji ana kipande cha mti kigumu kilichokatwa mdomo. Anaiuma kamba kwa ule mdomo, anatembea kutoka mbele ya pantoni hadi nyuma, na pantoni inakwenda. Akifika nyuma anaachia, anarudi mbele, anauma tena. Mwanangu ametembea maisha yake yote ya kazi juu ya mbao zisizozidi urefu wa nyumba. Angekuwa barabarani, sasa hivi angekuwa amefika wapi huko!

Anayetaka kuvushwa kutoka ng'ambo anagonga kipande cha reli kilichokuwa kinaning'inia gatini. Vuta alikuwa anaisikia ile reli hata mvua ikiwa inapiga bati. Akiwa anakula, tonge linarudi kwenye sahani. Nilikuwa namwambia, "Baba, maliza basi, huyo mtu hana mbawa, atakukuta." Ananijibu, "Mama, anayegonga hajui kama nimesikia." Na hajawahi kupoteza abiria. Ng'ombe mmoja tu, na huyo aliruka mwenyewe, watu wote waliona.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni lake peke yake, na ofisi hailijui. Mafuriko ya kwanza makubwa yaliingia asubuhi moja ya masika, Vuta akiwa na miaka kumi na kitu kazini. Mstari mzima wa nyumba za mtoni ulikwenda. Watu husema mto ulikula kijiji. Mimi nasema tuliupakulia. Ule ukingo uliokuwa unatukinga ndio tuliokuwa tunauchimba, tunaufyatua, tunauchoma na kuuvusha ng'ambo, miaka na miaka, na tunafurahi kwamba biashara ni nzuri.

Familia ya kwanza kuhama ilikuwa ya jirani yetu mchoma matofali. Alipanda pantoni na mkewe, watoto, godoro lililolowa, na kuku. Yule bwana mikono yake hajui aiweke wapi, mara ashike kofia, mara aache. Vuta akamtazama, akasimamisha pantoni, akampa kile kipande cha mti. Akamwambia, "Mzee, nisaidie." Jirani akavuta mpaka ng'ambo. Alifika amelowa jasho, na kwenye uso wenye jasho mengine hayaonekani. Akarudisha mti, akamshika Vuta bega, akashuka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Anayekwenda sokoni anakaa, anavutwa. Anayehama moja kwa moja anavuta mwenyewe. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyepiga kura. Mtu akiomba ule mti, wote gatini wanasimama.

Kuna mwalimu mmoja kijana alikuja kutufundishia watoto, mwenye adabu sana. Jumamosi ya kwanza anakwenda mjini kununua sabuni, akaona Vuta anatoka jasho, akauchukua ule mti amsaidie. Vuta akamwangalia, akasema moyoni huyu hata wiki hajamaliza, akamwachia. Jioni mwalimu anarudi na sabuni yake, anakuta mwenye nyumba ameshafagia chumba na kumpangisha mtu wa mbolea, na wazazi wamekaa wanalaumiana ni mtoto wa nani aliyemtibua mwalimu. "Si umevuta?" "Nimevuta nini?" Alilala kwangu siku tatu. Mpaka anapata uhamisho wa kweli, miaka mingi baadaye, alikuwa akipanda pantoni anaweka mikono nyuma ya mgongo kama mfungwa.

Nasimulia haya ninacheka, lakini ndivyo tulivyopungua, mvuto mmoja mmoja. Mafuriko ya pili, ya tatu. Seremala alivuta pamoja na mkewe, mkono juu ya mkono. Mkunga alivuta akilia wazi, haoni haya, nusu ya waliosimama gatini aliwapokea yeye duniani. Fundi cherehani mmoja alivuta siku ya Jumanne, na yule mwenzake wasiyesalimiana naye akasimama maji ya magoti anamwita kwa jina, mara ya kwanza tangu tuwajue. Baada ya wiki mbili akavuta na yeye. Shule ikafungwa, madawati yakavushwa. Nyumba zikabaki thelathini, zikabaki kumi, ikabaki yangu.

Watu wote hao waliondoka kupitia mikononi mwa mwanangu. Kila mmoja Vuta alimpa mti, akasimama pembeni, akamwacha avute. Halafu akarudi na pantoni tupu. Mimi nilikuwa namwona kutoka mlangoni kwangu anavyorudi, na sikuwahi kumwona anavuta haraka.

Mmoja hakuvuta. Kitinda mimba wangu.

Huyu ndiye mdogo wake Vuta, na kwa utundu hakuwa na mwenzake. Utotoni nikimpa matofali mabichi abonyeze kidole, anabonyeza vidole gumba viwili, anasema kimoja kitaogopa peke yake. Baba yake alimchapa, wapi. Wachuuzi walikuwa wanauliza haya yenye macho mawili ni ya nani. Alipokuwa mkubwa akasema anakwenda miji ya mbali kutafuta maisha. Alipanda pantoni, akakaa juu ya gunia, akatia mikono yote miwili mfukoni na kuinua viwiko ili tuone vizuri. Akapaza sauti, "Mama, unaona? Sivuti mimi! Nakwenda narudi!" Watu wakacheka. Hata Vuta alicheka, na Vuta hacheki kazini.

Mwanzoni alileta salamu kwa dereva wa lori. Baadaye dereva akabadilishwa njia. Vuta amekwenda kumtafuta mara mbili kwa likizo yake, akarudi na vumbi tu.

Ndiyo maana sikuhama. Ofisi ilinitumia watu, mkwe wangu alinibembeleza, mkunga alinigombeza. Jibu langu lilikuwa moja: asiyevuta anarudi. Hiyo ndiyo sheria yetu, na aliyeitunga ni kaka yake mwenyewe. Sasa huyo mtoto arudi akute nyumba zimelala, mlango wa mama umefungwa kwa mti? Agonge reli asiitikiwe?

Mimi nikakaa, na pantoni ikakaa kwa ajili yangu. Kivuko hakifungwi kama kuna mtu upande ule. Vuta alikuwa astaafu mwaka jana, akaomba aongezwe mwaka. Mke na watoto wake walishahamia ng'ambo tangu mafuriko ya mwisho. Yeye mchana anakula kwa mkewe, usiku analala kwangu. Mkwe wangu ana mdomo mtamu, aliwaambia wanawake sokoni, "Mimi nimeolewa na pantoni. Mume ni wa mama yake." Walicheka, na mimi nilipoambiwa nilicheka. Lakini mama huyo ameshikilia nyumba kwa miaka yote hii na hajanisema vibaya hata siku moja, na leo namshukuru mbele ya wakubwa. Mkwe wangu, ahsante. Mumeo namrudisha, amechakaa kidogo.

Mwaka wa nyongeza umekwisha, na ofisi imesema basi. Mwanzo wa mwezi huu Vuta alikuwa jikoni kwangu anakaza bawaba ya mlango. Mimi namenya viazi, nimenuna, najua anataka kusema nini. Akasema bila kugeuka, "Mama, dogo akirudi atatokea upande gani?"

Nikamjibu, "Atatokea mjini, atokee wapi kwingine, angani?"

"Kwa hiyo atafika ng'ambo kwanza."

"Ndiyo, agonge reli, uende umchukue, umlete kwangu."

Akakaza bawaba mpaka mwisho, akaujaribu mlango. "Basi atafika kwangu kabla hajafika kwako, mama."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Miaka yote hiyo nakaa mlangoni naangalia mto, mtoto wangu akija lazima akanyage kwanza gati la ng'ambo. Aliyeko ng'ambo ndiye atakayemwona kwanza. Mimi nilikuwa namsubiri kwenye ukingo wa mwisho. Na si mimi tu, hata mkunga aliyenigomba na watu wa ofisi na vyeti vyao hawakuliona. Sisi wa kijijini kwetu tulishazoea kuhesabu kila kitu kutoka upande wetu.

Nikamuuliza, "Na reli?"

"Nimeihamisha. Iko ukutani kwangu, chini ya dirisha lako."

"Dirisha langu lipi?"

Hapo ndipo alipogeuka. Kumbe kila familia iliyohama, akirudi na pantoni tupu alikuwa anapitia kwenye nyumba iliyoachwa na kuokota matofali mazima machache. Anayavusha safari inayofuata chini ya miguu ya abiria, kama zamani. Nyumba yake ya ng'ambo, ile iliyo hatua chache kutoka gatini, ambayo nilikuwa naisema haiishi kujengwa, ndiyo hiyo. Jiko limetoka kwa seremala. Ukuta wa sebule ni mafundi cherehani wote wawili, wamechanganyika humo bila kusalimiana. Cha mwisho kujengwa ni chumba changu, kinachotazama gati.

Nikarudisha kisu kazini. Nilimaliza viazi. Lakini kesho yake nilianza kufunga vyombo.

Mafanikio yake mengine niyataje upesi, msimamizi asije akasema nimemaliza karatasi za serikali. Watoto wawili wamezaliwa pantonini na wote wazima. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora, nimekitundika mimi. Mazishi ya baba yake aliyavusha mwenyewe masika, wakati jamaa wote wako ng'ambo, akawaleta na kuwarudisha mpaka wa mwisho, ndipo akakaa chini. Hajawahi kumtoza mjamzito. Hajawahi kufika kazini amelewa, ingawa mvutaji wa zamani alimwonyesha njia zote.

Kwa yeyote atakayekutana na mwanangu mdogo: ana kovu juu ya jicho la kushoto, anacheka kabla hajamaliza maneno. Mwambieni kijiji hakipo tena pale alipokiacha. Akifika gatini asiangalie mto. Ageuke nyuma, atafute mlango ambao pembeni yake, usawa wa mkono, kuna tofali lenye vidole gumba viwili. Kaka yake alilipata kwenye ukuta wa jiko langu la zamani na hakuniambia mpaka lilipokuwa limeshajengewa. Hapo agonge, na asijali saa.

Na ninyi mlioketi gati la ng'ambo, mkifika hapa kwenye kusoma, angalieni mtoni. Pantoni imeshaondoka gati letu la kijijini. Inakwenda polepole, msinung'unike, chakula hakitapoa. Aliyeshika mti ni mimi. Nilimwambia Vuta sina fedha ya zawadi ya kustaafu, zawadi yangu ndiyo hii, kwamba hakuna mtu aliyebaki upande ule wa kumrudia. Msije majini kunisaidia. Nimebonyeza matofali ya mahakama nzima kwa kidole hiki, kamba hainishindi.

Na mtu mzima aliyekaa juu ya sanduku langu la nguo, mikono mfukoni, ndiye mstaafu wetu. Nimemwamuru mimi. Mtazameni vizuri, hamjawahi kumwona amekaa hapo.

Vuta, mwanangu, baba yangu, kwa niaba ya ofisi ya vivuko na kwa niaba ya kila nyumba uliyoivusha, tunakushukuru. Tonge ukilishika sasa, lifike mdomoni. Lala kwako, zeeka na mkeo, na maisha yaliyobaki yakuvute yenyewe, taratibu, mpaka ng'ambo njema.